Viti Vilipotolewa Nje

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Yuko hospitalini sasa hivi, ameambiwa kwamba wadudu walio mwilini mwake wanazishinda dawa, na mlangoni pake pamebandikwa karatasi ya kuwazuia watu wasiingie. Bwana, au bibi, mimi nilikuwa humo, na nimetoka. Leo mchana nimekula samaki wa kupaka, na mkojo wangu unatoka wenyewe. Mambo ya kitaalamu sitakueleza kwa sababu siyajui, na hata yale machache niliyoelezwa, nusu yake nimeyasahau kwa homa.

Mimi ni mtu wa bandarini. Tangu ujana wangu kazi yangu imekuwa kutoa mizigo ya watu pale Kilindini, na kazi hiyo ukiitazama vizuri ni kungoja tu. Unangoja meli, unangoja muhuri, unamngoja bwana aliyekwenda kunywa chai. Nilidhani katika kungoja nimeshahitimu. Kumbe nilikuwa bado chuoni, tena darasa la kwanza.

Mambo yalianza wakati wa kaskazi, katika lile joto la kuelekea Ramadhani ambapo hata kuta za nyumba zetu za Mji wa Kale hutoka jasho. Tezi dume ilikuwa imenisumbua kwa muda. Wanaume wa rika langu wanajua ninachosema, na wanajua pia kwamba hatukisemi. Siku moja baada ya adhuhuri mkojo ukagoma kabisa. Nilisimama chooni nikasoma kila dua niliyoijua, na nyingine nikazitunga, mpaka mke wangu Zuhura akagonga mlango.

"Bwana, umelala humo?"

"Hautoki," nikamwambia.

"Vaa kanzu twende," akasema. Zuhura si mtu wa maneno mengi, na siku ile nilimshukuru kwa hilo.

Hospitalini walinitia mpira wa mkojo. Raha niliyoipata mkojo ule ulipoanza kushuka sijaipata tena, hata arusini kwangu, na Zuhura akisoma haya atanisamehe. Nililia mbele ya daktari kijana bila haya. Mfungo ulipoingia nikapasuliwa, nikarudi nyumbani na mpira wangu na mfuko wake kwa siku za kupona. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kanzu, pamoja na heshima yake yote, ni vazi zuri sana la kufichia mfuko wa mkojo. Nilikwenda tarawehe nao, nikaswali nimekaa kitini, na hakuna aliyejua.

Kisha ikaja homa. Kwanza baridi kidogo magotini, halafu mtetemeko mpaka kitanda kikawa kinalia. Na kwetu mtu haumwi peke yake. Kila nyumba mtaani ina mkebe wake wa biskuti, na ndani yake hamna biskuti, mna vidonge vilivyobaki: vya jino la mwaka juzi, vya kikohozi cha mjukuu, vya marehemu mjomba. Hata jirani anayekunyima sukari hakunyimi dawa. Dada yangu mkubwa, Dada Rukia, alikuja na vidonge vyake vya rangi mbili amevifunga katika pindo la leso. "Miye vilinifaa," akasema. "Meza." Nikameza. Dada Rukia ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipotutoka, nami sijawahi kumkatalia kitu akisema "meza".

Havikufaa kitu. Nikarudishwa hospitalini nimeshikwa kwapani huku na huku.

Sasa huko ndiko nilikojifunza kungoja. Walinipa dawa ya kwanza kwa mshipa, homa ikashuka asubuhi, jioni ikapanda. Wakabadilisha, ikawa vile vile. Ukutani palikuwa na feni yenye kulia vibaya, na mkabala wangu alilala mzee mmoja aliyekuwa akihesabu matone ya maji yake ya mshipa kwa sauti. Pete yangu ya fedha ilidondoka kidoleni yenyewe nilipokuwa nikinawa, Zuhura akaiokota akaitia katika mkoba wake. Maji yalikuwa machungu mdomoni. Nilijitazama mapaja nikaona ya mtu mwingine.

Daktari wangu alikuwa Daktari Nasrin, binti wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Baba yake nilimjua, muuza vitambaa mwenye ulimi mtamu. Binti hakurithi ulimi ule, na ndivyo nilivyompendea. Majibu ya maabara yalipokuja alivuta kiti akaketi, na daktari akiketi, wewe jitayarishe.

"Mzee Shee, mkojo wako na damu yako tumeviotesha maabara, tuone wataota wadudu gani. Wadudu waliomo wana kimeng'enya. Kichukue kama mkasi. Dawa ikiwafikia, wanaikatakata kabla haijawagusa. Ndiyo maana zile mbili hazikufanya kitu. Tumejaribu na nyingine maabara, nyingi zimekatwa. Imebaki hii moja ya kutumaini."

"Nimewapata wapi?"

"Huenda hapa hospitalini, huenda nje. Wapo watu wanaotembea nao tumboni na hawaumwi. Sijui, na sitakudanganya."

"Na hiyo moja ikikatwa?"

Alitazama mikono yake. "Tutazungumza siku hiyo," akasema.

Basi mambo yalikuwa hayo. Dawa moja, na mimi. Niliogopa, ndugu yangu, usidhani sikuogopa. Niliogopa mpaka nikashindwa kuuliza Zuhura ameniletea nini.

Siku ile ile nikahamishiwa chumba cha pembeni peke yangu, na karatasi ikabandikwa mlangoni. Kila aliyeingia alivaa joho la plastiki na glavu, akitoka alivivua akanawa. Shehena ikitiliwa shaka bandarini hutengwa hivyo hivyo, ikafungwa utepe, na wenyewe wakazunguka nje wakiuliza itatoka lini. Nilikuwa nimeviona vitu vingi vilivyotengwa. Sikuwahi kujiuliza vinajionaje humo ndani.

Mtu wa bara huenda asielewe uzito wa karatasi ile. Kwetu mgonjwa hutazamwa. Watu huja makundi kwa makundi, huketi kitandani, humshika mkono, humpulizia dua, humwambia amenenepa hali amekwisha. Usipokwenda kumtazama mgonjwa utasemwa mpaka kaburini, na ukimzuia mtu asimwone mgonjwa wako, hilo halina hata jina. Daktari alisema mpaka dawa ioneshe njia, aingie mke tu. Zuhura akaketi kwenye benchi nje ya mlango, na chupa ya dawa ya kusafishia mikono pajani, akawa anawarudisha watu mmoja mmoja kwa adabu. Sijui kazi ngumu kuliko ile.

Idi ikanikuta humo. Nilisikia takbiri ya msikitini ikiingia dirishani, nikajua sasa watu wako njiani, nyumba kwa nyumba, mkono kwa mkono. Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Mwende, mwenyeji wa Kitui, Mkristo, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa sindano. Aliingia na joho lake, akasimama kando ya kitanda.

"Mzee, leo ni sikukuu yenu. Mnasemaje?"

"Tunasema Idi mubarak, na tunapeana mikono."

Akaninyooshea mkono. "Basi Idi mubarak, mzee."

Mkono wa Idi nilioupata mwaka huo ulikuwa wa glavu, una unga unga na umepoa. Nilimshukuru sana Sista Mwende, na alipotoka nilijigeuza ukutani nikalia.

Alasiri akaja Dada Rukia na sinia la biriani kichwani, amekuja nalo hivyo hivyo mpaka ghorofani. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikasikia yote.

"Nipishe, Zuhura."

"Dada, daktari amekataza. Nakuomba."

"Daktari ndiye aliyemlea? Huyu ni wangu, tumbo moya. Miye ndiye n'kimwogesha angali mtoto, nawe hata huyamjua."

"Najua, Dada. Lakini nyumbani kwako mna kitoto kichanga. Ukimshika huyu kisha ukamshike yule, tutasema nini? Subiri dawa imkamate."

"Kwa hivyo miye ni uchafu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa mlango." Nikasikia sinia likiwekwa chini, vyombo vikigongana. "Haya. Akifa, msinite."

Nilitaka kupiga kelele nimwite. Nilifungua kinywa, pumzi ikawa haitoshi. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi polepole, kwa sababu ana magoti mabovu, na kila ngazi alikuwa akisimama. Zuhura hakuingia mpaka alipomaliza kulia huko nje. Alipoingia alinilisha biriani vijiko vitatu vinne nikatapika.

Tangu siku ile Dada Rukia hakutia mguu, hakupiga simu, na hakupokea alipopigiwa.

Dawa yenyewe ilikuwa ikiingia kwa mshipa asubuhi, mchana na jioni. Mishipa yangu ilichoka kabla yangu, mikono ikavimba ikawa na madoa ya kijani, Sista Mwende akawa anatafuta mshipa mguuni huku akinisimulia habari za mbuzi wa baba yake ili nisitazame sindano. Wakati mwingine alipokuwa hana kazi nami, alisimama tu kizingitini, bila joho, akanisalimia kutoka pale. Ukiwa umetengwa, mtu anayesimama mlangoni bila ya sababu ni zawadi. Wewe unayemtazama mgonjwa wa namna hii, ukikatazwa kuingia, simama mlangoni. Usiende zako.

Sikujua ni siku gani dawa ilishinda. Hakuna aliyepiga tarumbeta. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupiga mabati ya jengo la chini, nikaamka nikaona shuka kavu, halikulowa jasho, na nikamwambia Zuhura, "Nataka muhogo."

"Muhogo gani?"

"Wa kuchoma. Wa Mama Ngina, kule ufukweni. Wenye ndimu na pilipili."

Zuhura alinitazama kama niliyemposa upya. Alikwenda na mvua ile ile, akarudi na muhogo katika gazeti, buibui limeloa mpaka kifuani. Nilikula kipande kimoja, pilipili ikaniwasha, nikakohoa, nikacheka. Daktari Nasrin alipokuja alinusa chumba akauliza ni nani aliyeleta muhogo wodini. Zuhura akalisukuma gazeti chini ya mto. Akatazama chati ya homa, akaitazama tena. "Mleteeni na kesho," akasema.

Damu ikaoteshwa upya, haikuota kitu. Mpira ukatolewa. Sista Mwende aliniambia ninywe maji, nikanywa kama ngamia, kisha akasimama nje ya choo akingoja habari. Mkojo ulipokuja, ulikuja wenyewe, kwa kishindo chake. "Sista," nikaita, "umetoka." Yule mwanamke akapiga makofi ukumbi mzima ukasikia, na mimi sikuona aibu hata kidogo.

Siku ya kuruhusiwa Sista Mwende alitupa wasia. Wadudu wale huenda wamebaki tumboni kwa muda bila kunidhuru, kwa hiyo ninawe kwa sabuni nikitoka chooni na kabla ya kula, na wageni wanawe vile vile. Taulo yangu iwe yangu. Vidonge vya wadudu wa maradhi nisimeze vya mtu wala nisimpe mtu vyangu. "Usafi wa kawaida tu, mzee," akasema. "Msijitese."

Lakini kumwambia Zuhura usafi wa kawaida ni kumwambia bahari iwe na chumvi kidogo. Asubuhi ile kabla ya kuja kunichukua alikuwa ameshaleta wanawake wawili kutoka Likoni. Akawatolesha viti vyote vya sebuleni, makochi, meza, hata saa ya ukutani, vikapangwa kichochoroni, na akawaachia sabuni na maelekezo waoshe kila kitu. Kisha akavaa buibui akatoka mbio, simu yake akaisahau juu ya kabati.

Sasa, Mji wa Kale viti havitolewi ovyo. Sebule ikitolewa viti, maana yake watu wataketi chini, na watu wakiketi chini kuna msiba. Jirani yetu wa mkabala alifungua dirisha akaona makochi nje, mlango wazi, na mama mwenye nyumba hayupo, ametoka mbio na jua halijapanda. Akashuka akawauliza wale wanawake wa Likoni. Wakamjibu kwa ukweli wao, "Tumeambiwa tuoshe kila alichokigusa mzee." Yule mama hakuhitaji zaidi. Alikwenda kwake akaleta mikeka. Ujirani mwema nao una haraka zake.

Bajaji ilitushusha mwanzo wa kichochoro kwa sababu ndani haiingii. Zuhura alibaki akiteremsha mabegi, nami nikatangulia, mkono ukutani, hatua za mtoto. Nilipopinda kona nikaona viti vyangu. Nikaviona vimepangwa ukutani, na juu yao kile changu chenye mkono uliovunjika. Kando yao wanaume wa mtaa wameketi kwenye mabenchi na kofia zao, wameinamisha vichwa. Kutoka ndani nikasikia kisomo cha wanawake.

Nilijiuliza ni nani katika nyumba yetu aliyebaki wa kufa. Zuhura yuko nyuma yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, nami nimesimama. Basi ni Dada Rukia. Na presha yake, na magoti yake, na hasira yake. Amekufa hajanisemesha tangu Idi, na hakuna aliyethubutu kuniambia kitandani. Nilishika kiti cha karibu ili nisianguke.

"Ni nani?" nikamuuliza mwanamume wa kwanza, fundi wangu wa viatu, aliyekuwa ametazama chini akizungusha tasbihi.

"Ni Shee," akasema bila kuinua uso. "Shee wa Zuhura. Hata huyo mkewe hayulikani aliko. Wenginewe wamekwenda msikitini kufuata jeneza."

Nilimshukuru Mungu. Wallahi nilimshukuru Mungu kwamba aliyekufa ni mimi tu.

"Assalamu alaykum," nikasema.

Fundi akainua uso. Sitasimulia uso ule, bado ananitengenezea viatu. Tasbihi ilimdondoka, benchi zima likasimama, na mmoja akakumbuka kuitikia salamu. Nikapita katikati yao mpaka mlangoni kwangu. Ndani, katikati ya mkeka, akiwa amefunikwa leso mpaka usoni, mwanamke mmoja alikuwa akilia na kusema maneno yale yale.

"N'liwambia msinite, na kweli hamkunita. N'liwambia msinite."

"Dada," nikasema. "Shikamuu."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea ya umri wake wote. Kisha akaiondoa leso usoni.

Wanawake walipiga ukemi, wengine wakakimbilia ukutani. Dada Rukia hakupiga kelele. Alinyanyuka, na magoti yake yale, akaja mpaka kizingitini na mikono yote miwili mbele. Hapo akasimama ghafla. Mikono ikabaki hewani baina yetu. Akanitazama, akamtazama Zuhura aliyekuwa amefika nyuma yangu na mabegi, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Zuhura. Nimguse?"

Zuhura aliweka mabegi chini, akapita, akarudi na birika, bakuli na sabuni, vile vile anavyowanawisha wageni kabla ya sinia kuja. Akainama. Dada Rukia akanyoosha mikono, Zuhura akammiminia. Akasugua viganja, akasugua vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka viwikoni, huku machozi yakidondokea bakulini, na Zuhura akiendelea kummiminia mpaka birika likaisha.

"Basi, Dada," Zuhura akasema. "Umetakata."

"Nisamehe, mwanangu."

"Tumesameheana. Mshike nduguyo kabla hajaanguka."

Wali wa msiba ulikuwa umeshapanda moto nyumba ya pili, na ungekuwa uchuro kuumwaga. Tukaula. Kila mtu alinawishwa mlangoni kwa birika lile lile, wanaume na wanawake, na mpaka leo nyumbani kwangu hakuna aingiaye bila kunawishwa, na hakuna aliyewahi kuona ametengwa. Jeneza lilifika mwanzo wa kichochoro, likarudishwa. Viti tuliviacha nje mpaka jioni, mvua ikavinyea.

Lakini hayo yote ni baadaye. Wewe uliye katika kile chumba, nataka ujue kitu kimoja tu kinachokungoja huku nje. Dada Rukia alinishika uso kwa mikono miwili. Hakuwa amejifuta. Maji yalinichuruzika shingoni mpaka ndani ya kanzu, ya baridi, na sikumwambia aache.